Okuonzi, Spoki na Tundu la Saba

Nianze na jina, maana yeye mwenyewe alilazimika kuanza nalo kila alipokutana na mgeni. Okuonzi, kwa Kilugbara, maana yake ni mwanamke mbaya. Okuonzi ninayemsimulia hapa alikuwa mwanaume, tena mwenye ndevu. Mwanamke mbaya alikuwa mama yake. Bibi mzaa baba aligombana na mkwewe wiki ile mtoto alipozaliwa, na kwetu mtu akitaka kumsema mwenzake hapotezi mate: anampa mtoto jina, na mtoto anatembea na tusi hilo mpaka kaburini. Basi Okuonzi alisoma, akabatizwa, akapata kazi, na kote huko alikuwa akimtukana mama yake kwa niaba ya bibi aliyekwisha kufa zamani.

Mimi ni Eyotaru, wa Aroi, karibu na mji wa Arua. Mwaka 1994 nilikuwa mpiga taipu wa shirika moja la misaada pale Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Jina la shirika nitalimeza. Lilikuwa na magari mengi kuliko akili. Wakimbizi wa Sudan walikuwa wamevuka mpaka kwa maelfu, na kazi yetu ilikuwa kujua nani ni nani na nani anahitaji nini. Mkuu wetu, Bwana Angelo, alikuwa amekwenda kozi ya wiki sita Kampala, akarudi na tai mbili na wazo la ubao.

Ubao wenyewe ulifunika ukuta mzima wa ofisi. Ulipakwa rangi nyeusi na kugawanywa kwa mistari myeupe: watu wote, nyumba, watoto, wagonjwa. Kila Jumatatu nilipanda kiti nikafuta tarakimu za zamani na kuandika mpya kwa chaki. Wageni walikuja, wakasimama mbele yake mikono nyuma, wakatikisa vichwa, wakanywa chai yetu, wakaenda. Ubao huo ulikuwa na ugonjwa mmoja tu: ulijua kusema, haukujua kusikia. Ukiuuliza, je, katika hao wagonjwa mia tatu, wangapi wanatoka kwenye nyumba zenye watoto wachanga? Kimya. Bwana Angelo anakohoa, anasema, "Hilo tutalifanyia kazi." Maana yake ni kwamba Eyotaru atafungua mafaili elfu moja na mia mbili kwa kidole mpaka kidole kiote sugu.

Kompyuta tulikuwa nayo. Ilitumwa kutoka Kampala ndani ya sanduku kubwa, na Koboko hatukuwa na umeme, kwa hiyo Bwana Angelo aliiweka mezani na kuifunika kitambaa cha kudarizi. Hakuna aliyeruhusiwa hata kuikaribia na kikombe.

Okuonzi ndiye aliyeupa ubao masikio. Yeye alikuwa karani wa kadi tu, wa chini kuliko sote isipokuwa mlinzi. Lakini kabla ya vita vya 1979 alikuwa akipanga kadi za wagonjwa hospitali ya Kuluva, na huko muuguzi mmoja alimfundisha mchezo. Ni hivi. Kila nyumba ina kadi yake. Kwenye ukingo wa kadi unatoboa safu ya matundu, na kila tundu lina swali lake. La kwanza: je, kuna mtoto wa chini ya miaka mitano? La pili: je, kuna mgonjwa? Jibu likiwa ndiyo, unachukua mkasi na kukata kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni, tundu linabaki mdomo wazi. Likiwa hapana, unaliacha zima. Halafu unazishika kadi pamoja, fungu la mia mia, unapitisha waya kwenye tundu la swali lako, unainua, unatikisa. Za hapana zinaning'inia. Za ndiyo zinaanguka mezani, nawe unahesabu. Ukitaka wenye mtoto na mgonjwa pia, unaokota zilizoanguka na kuzipitisha tundu la pili. Basi. Kazi yangu ya siku tatu ilikwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Siku ya kwanza nilipoona, nilimkumbatia mbele ya watu, na sikuona haya.

Waya unaofaa kuliko wote ni spoki ya baiskeli. Okuonzi aligongomea misumari chini ya ubao, na kwenye kila msumari akaning'iniza spoki yenye kikaratasi: Mtoto, Mgonjwa, Mzee, Mjamzito. Mgeni akiwa na swali, anachagua spoki yake mwenyewe, anaipitisha tunduni, anatikisa, halafu mimi naandika jibu ubaoni pale pale. Ungewaona wakubwa! Watu waliokuja kwa dakika kumi wakakaa saa mbili. Mmoja alivua koti kabisa akatikisa kadi mpaka jasho likamtoka, akiuliza maswali asiyohitaji majibu yake, kama nyumba ngapi zina mzee na hazina mtoto na zina baiskeli.

Shida ni kwamba spoki hizo zilitoka kwenye baiskeli ya Okuonzi. Bwana Angelo aliyapenda maswali mapya, lakini hakupenda kununua spoki. Kila alipopata swali, Okuonzi alienda nje na koleo. Ilipofika Februari gurudumu la nyuma lilikuwa limepungukiwa na spoki kumi na moja na lilitembea kilevi. Kwenye mteremko alishuka akaikokota, na watu wa Koboko walimwuliza kama baiskeli inaumwa.

Sasa tundu la saba. Tundu la saba lilikuwa la nyumba isiyo na mwanaume. Fomu ilisema hivyo kwa Kiingereza kizuri, lakini fomu haiongei na watu, mimi na Okuonzi ndio tuliopita turubai kwa turubai, na tuliuliza kwa Kiswahili chetu: "Bwana yako iko?"

Kiswahili chetu kililetwa na jeshi na biashara, na njiani mizigo mingine ilidondoka. Wenzetu wa pwani wana yupo, yuko, ipo, kuna, ni. Sisi tuna iko. Mungu iko, chumvi iko, mgonjwa iko, mimi iko. Neno moja linafanya kazi ya maneno matano na halijawahi kudai mapumziko. Na wanawake wale walipoulizwa kama bwana iko, walijibu mmoja baada ya mwingine, bila kusita, "Iko." Tukaliacha tundu la saba zima. Nyumba elfu moja na mia mbili, matundu elfu moja na mia mbili mazima, na sisi wawili, wenye vyeti vyetu, hatukushtuka.

Jumatatu moja ya mwisho wa Februari akaja mama mmoja kutoka Kampala, mwenye miwani ya kamba shingoni, na habari njema. Kulikuwa na shehena ya nguzo na nyasi za kuezekea, pamoja na mafundi wa kuzipandisha, kwa ajili ya nyumba mia nne zisizo na mwanaume, ili wajengewe kabla ya mvua za Machi. Alichotaka ni idadi. Kama Koboko hawana shida hiyo, alisema, Ijumaa malori yatapelekwa kwingine.

Bwana Angelo alitabasamu meno yote, akamkabidhi spoki ya saba kwa mikono miwili. Mama akaipitisha kwenye fungu la kwanza, akainua, akatikisa. Haikuanguka hata moja. Fungu la pili, hivyo hivyo. Akamaliza mafungu yote kumi na mawili, meza ikabaki tupu.

"Hakuna hata nyumba moja!" alisema, na alifurahi kweli, masikini. "Hongereni."

Bwana Angelo akachukua chaki mwenyewe, akaandika sifuri ubaoni, kubwa, ya kujaa kiganja.

Wakati anaiandika, Paska alikuwa akimmiminia mgeni chai. Paska alikuwa mpishi wetu wa chai, mkimbizi, mama wa watoto watatu na wa nne tumboni, mimba ya miezi saba. Alilala na watoto chini ya turubai lililopasuka katikati. Mumewe, Severino, alikuwa ameonekana mara ya mwisho karibu na Kaya, upande wa Sudan, mwezi wa saba mwaka uliopita, akirudi kumchukua mbuzi waliyemsahau. Mimba ile ilikuwa ya siku yao ya mwisho pamoja, na Paska aliijua tarehe yake kuliko tarehe ya Krismasi. Mbuzi gani huyo anayechukua miezi saba, mimi sijui.

Nilishindwa kujizuia. "Mama," nilisema, "huyu anayekupa chai hana mwanaume nyumbani. Sote hapa tunajua."

Mgeni akageuka. "Mumeo yuko wapi, mama?"

Paska akaiweka birika chini taratibu. "Iko," alisema.

"Unaona?" Bwana Angelo akaniambia, na kwa macho akanionya nirudi kwenye taipu yangu.

Mgeni alipoondoka, Okuonzi alitoka nje akachutama karibu na jiko la Paska. Nikamfuata, kwa hasira, na kwa umbea pia.

"Paska," alisema, "Severino iko?"

"Iko."

"Iko wapi?"

"Iko tu."

"Lakini hapa kwa nyumba, yeye hapana iko."

Paska akamtazama kana kwamba amemtemea mate kwenye sufuria. "Wewe nataka nini? Nataka mimi naua yeye na mudomo yangu? Mimi nasema hapana iko, kesho mutu nakuja nasema alikufa, na nani alisema wa kwanza? Mimi. Toka kwa moto yangu."

Tulitoka kwa moto wake. Okuonzi alikaa kwenye ngazi ya ofisi, akizungusha ile spoki ya saba vidoleni. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema katika mwaka mzima wa kukaa meza moja.

Baba yake alikuwa dereva wa jeshi. Aprili 1979 aliondoka nyumbani kwao Ayivu na lori, akasema anaenda kujaza mafuta; tangu hapo hajaonekana. Mwaka uliofuata askari wengine walipokuja na watu wote wakakimbia, mama yake, Elena, alivuka kuingia Sudan na watoto wanne. Kambini karani akamwuliza, "Bwana iko?" Elena akajibu, "Iko." Karani akasonga mbele. Wanawake waliosema wao ni wajane walipewa watu wa kuwajengea. Elena alisimamisha miti mwenyewe, akafunga fito mwenyewe, lakini kwetu mwanamke hapandi juu ya paa, na Okuonzi alikuwa hospitali na homa ya matumbo. Nyumba ikabaki mbavu tupu na mvua ikaja.

"Ikawaje?" niliuliza.

"Kukapita bikizee mmoja wa huko huko, na kuni kichwani. Hakuuliza bwana. Aliuliza, 'Nani atapanda juu?' Mama akasema, 'Mutu hakuna.' Papo hapo, bila machozi. Kabla jua halijageuka vijana wa bikizee walikuwa juu ya nyumba."

Aliinuka ghafla hata spoki ikamdondoka, akaingia kwa Bwana Angelo. Lakini Bwana Angelo alikuwa na mpango wake tayari, kwani naye, nimsifu kwa hilo, sifuri ile ilianza kumkereketa. Angewaita wanawake wote Jumanne asubuhi, na kila asiye na mwanaume aweke kidole chake cha gumba kwenye karatasi iliyoandikwa juu: MJANE.

Walikuja mia tatu na zaidi. Mkalimani akawasomea neno lile. Nikaona migongo tu. Hakukuwa na kelele wala ubishi, waligeuka wakaenda zao na watoto wao kama watu walioambiwa duka limefungwa. Aliyeweka kidole alikuwa mmoja peke yake, bibi Poni, na mumewe alikuwa amesimama nyuma yake akimshikia kofia. Bwana Angelo alipomwonyesha mumewe, bibi Poni alisema anajua, lakini karatasi ikisaidia, isaidie.

Jioni hiyo Bwana Angelo alimwita Okuonzi akamwambia, fanya unavyotaka, ila mimi sikukutuma. Okuonzi aliichukua spoki ya saba, akachana kikaratasi chake, akaandika kingine: Nani Atapanda.

Hatukuwa na muda wa kupita turubai kwa turubai. Jumatano na Alhamisi tulikaa kwenye pampu tatu za maji, maana hakuna mwanamke asiyekunywa maji. Mimi na orodha, yeye na kadi, na mkasi wa kucha kwa sababu mkasi wa ofisi ulikuwa umekufa. Foleni ilisogea haraka ajabu.

"Nyumba yako, nani atapanda juu kuweka majani?"

"Mutu hakuna." Chap, mkasi.

"Wewe?"

"Shemeji yangu iko, yeye atapanda." Tundu zima.

"Wewe?"

"Mutu hakuna. Nani atapanda? Kuku?" Chap.

Walicheka. Hilo ndilo lililoniuma. Waliokuwa wamegeuza migongo Jumanne, Jumatano wanacheka na kutaniana kwenye foleni, kwa sababu hakuna aliyewaambia wamzike mtu ili wapate nyasi. Nilijionea aibu kwa zile nyumba zote nilizopita nikiuliza swali la kijinga kwa sauti ya upole.

Paska alifika na ndoo yake Alhamisi mchana, tumbo mbele. Alimwangalia Okuonzi kwa kisirani, ya Jumatatu hayajamtoka.

"Paska," Okuonzi akasema, "nani atapanda juu?"

Aliitua ndoo. Akaitazama kadi, akautazama mkasi. Nadhani aliuona mlango tuliomfungulia, na pia aliona kwamba mlango ule haupiti juu ya Severino.

"Mutu hakuna," alisema. "Saa hii, mutu hakuna."

Okuonzi akakata, polepole, na ukingo wa kadi ile ulitoka umenyooka kuliko zote.

Ijumaa mama wa Kampala alirudi kupitia kwetu, malori yakisubiri barabarani, injini zinaunguruma. Okuonzi alimwomba ajaribu spoki ya saba mara moja tu. Akakubali kwa adabu, kama mtu anayeonjeshwa chakula alichokwisha kukikataa. Akainua fungu la kwanza, akatikisa, na kadi zikamwagika mezani, nyingine sakafuni, moja ikaingia kwenye kikombe chake. Akakaa chini. Alipofika fungu la kumi na mbili alikuwa ameacha kutikisa, anainua tu na zinaanguka zenyewe. Mia tatu themanini na sita. Nikapanda kiti nikafuta sifuri ya Bwana Angelo kwa kiwiko, kwa raha isiyo na kifani.

"Hawa wote," mama akauliza, "waume zao walikufa?"

"Hapana, mama," alisema Okuonzi. "Waume zao iko. Hawapandi tu."

Akamtazama, akaondoa miwani. Akauliza jina lake nani, akaambiwa, akauliza maana yake, akaambiwa. Kisha akatoka akaongea na madereva. Malori yakazima injini.

Ripoti ya mwezi niliipiga taipu mwenyewe. Ilisema kuwa Bwana Angelo amebuni mbinu ya kisasa. Nilikosea jina lake makusudi mara tatu. Mara zote tatu alirudisha nisahihishe. Lakini nyumba ya Paska iliezekwa tarehe kumi na mbili Machi, fundi juu, Paska chini akimpigia kelele kwamba upande wa kushoto ni mwembamba. Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe kumi na tano. Mtoto alizaliwa pakavu, mwezi wa nne, naye Paska akamwita Severino, ili, alisema, mwenye jina akirudi na mbuzi wake akute nafasi imewekwa.

Hapo ningeishia, kama si Jumamosi iliyofuata kuzaliwa huko. Okuonzi aliniomba tufuatane Ayivu kwa mama yake. Tulipanda lori, baiskeli ile isingefika hata Arua. Nilidhani kuna mambo fulani anataka kuniambia njiani, na nilikuwa nimevaa kwa ajili ya hayo mambo, lakini njia nzima alizungumzia nyasi.

Mama Elena alikuwa mwembamba, mkavu, mcheshi, na alizungumza na watoto wake Kiswahili cha kambi ya jeshi, kwa sababu ndicho kitu cha mumewe kilichobaki kisichoibwa. Nyumba aliyojengewa na shemeji zake waliporudi kutoka Sudan ilikuwa na tobo katikati ya paa. Chini ya tobo kulikuwa na beseni la bluu. Miaka minne beseni lile lilikuwa hapo. Okuonzi alikuwa ameshaomba kupanda, si mara moja, na kila mara Elena alikataa: mwenye nyumba atakuja apande mwenyewe. Mtoto akipanda juu ya nyumba ya baba yake, ni kama amesema jambo.

Mara hii hakuomba. Alisimama uani na mzigo wa nyasi begani. "Mama," alisema, "nani atapanda juu?"

Elena aliinua macho kwenye tobo. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi, na nilijua swali lile limetoka wapi, na yeye alijua pia.

"Baba yako iko," alisema.

"Ndiyo, mama. Iko."

"Lakini wewe iko hapa." Akajifuta mikono kwenye kitenge chake. "Panda."

Akapanda. Elena akaingia ndani, akatoka na lile beseni la bluu, akamwaga maji ya mvua iliyopita, akanikabidhi, akaniuliza kama najua kuosha maharage.